Uzi Mwekundu wa Rivasi

Watu wa Masumbwe wanamjua mume wangu kwa sura. Mimi namjua kwa miguu. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nadhani nusu yake nimezungumza na nyayo mbili zinazochungulia chini ya gari. Baba Noela, chai inapoa. Baba Noela, kuna mgeni. Baba Noela, mvua hiyo inakuja, toka huko. Nyayo zikichezacheza ujue amesikia. Zikitulia ujue amesikia ila hataki.

Anaitwa Ngassa. Ni fundi umeme wa magari, pale nyuma ya stendi, kwenye kibanda cha mabati ambacho rangi ya bluu imebaki upande mmoja tu. Kazaliwa Samuye, kachunga ng'ombe wa baba yake mpaka akaota ndevu, kisha akaenda Shinyanga mjini kujifunza kazi kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa akimgonga vidole kwa bisibisi kila alipounga waya ovyo. Baadaye akaifuata dhahabu kama wenzake. Hakushika sururu hata siku moja. Alifunga umeme wa jenereta na makarasha, zile mashine za kusagia mawe, miaka tisa machimboni upande wa Geita, ndani ya vumbi na cheche za kuchomelea. Dhahabu hakuipata. Alichorudi nacho ni macho mabovu.

Hilo la macho lilikuwa siri ya watu wawili, mimi na yeye. Juani anaona vizuri tu, hata sindano ataitunga. Lakini mwanga ukipungua, na chini ya gari mwanga siku zote ni mdogo, basi nyekundu na kahawia na nyeusi kwake ni kitu kimoja. Fundi umeme asiyeona rangi ya waya ni sawa na mpishi asiyesikia chumvi. Nani atamletea gari? Kwa hiyo tukajiwekea utaratibu wetu. Mimi nina meza yangu ya chai na vitumbua hapo hapo mbele ya kibanda, wateja wake wakisubiri wanakunywa kwangu. Kabla hajachomoa waya wowote, ananiita nimshikie tochi. Naingia chini na kanga yangu nimeikaza kiunoni, nafunga vipande vya uzi wa sweta kuukuu, mwekundu hapa, mweupe pale, na wakati wa kurudisha namsomea. Watu walidhani ni mapenzi. Walikuwa wakinitania, Mama Noela na mumewe hata uvunguni hawaachani. Nikawa nacheka nao. Kiuno changu ndicho kilichojua kama ni mapenzi au ni kazi.

Sasa nije kwenye pikapu ya Mama Salome.

Mama Salome ni mnunuzi wa mpunga. Ni mwanamke wa haki, lakini haki yake ni kavu, haina mchuzi. Ana pikapu moja nyeupe na dereva mmoja, Stanslaus, kijana wa Chato, mtu wa miaka thelathini na kitu hivi, mpole mpaka anachosha. Ukimsalimia leo anajibu kesho. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika kwelikweli, pikapu ile ilikuja kwetu kubadilishwa klachi. Kubadilisha klachi ni lazima ushushe giaboksi, na ukishusha giaboksi lazima uchomoe nyaya zake. Baba Noela akafanya kazi siku nzima kwenye tope, akaimaliza, gari likaondoka likiwa na nguvu kama jipya.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, Stanslaus akamkanyaga mguu mpetaji mmoja wa mchele, Mbuke.

Ilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kama hujafika mashineni kwetu nikueleze. Ni banda refu, ndani giza, na mashine inanguruma kiasi kwamba ukitaka kuongea na jirani yako unamshika bega kwanza. Wanawake wanaopeta mchele wanakaa chini karibu na mlango ili wapate upepo, pembeni mwa njia ya gari, miguu wameinyoosha njiani, ungo mapajani, na nyuso wengi wamezigeuzia ndani kwa sababu ya vumbi. Gari linaingia kwa kurudi nyuma kuja kupakia. Mlio wake huwezi kuusikia. Kinachowaambia wapetaji kwamba gari linakuja ni weupe wa taa za rivasi unaomwagika sakafuni. Weupe ukija, unavuta miguu. Ndivyo walivyozoea, hawageuki hata kutazama. Alfajiri ile weupe haukuja. Wapetaji wengine walimwona Stanslaus ametoa kichwa dirishani akiangalia, lakini nje kulikuwa na giza na ndani giza zaidi, na tairi likapanda juu ya mguu wa kushoto wa Mbuke, juu ya vidole mpaka kwenye kifundo.

Mbuke akapelekwa kituo cha afya, mguu ukafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Mji mzima ukasema dereva alikuwa amelewa. Stanslaus hanywi hata togwa iliyochacha, lakini nani aliuliza? Asubuhi ile ile Mama Salome akaileta pikapu kwetu yeye mwenyewe, Stanslaus akiwa amekaa kiti cha abiria kama mtoto aliyerudishwa kutoka shule. Alimwamkia Baba Noela, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama.

"Mzee Ngassa, wewe siku zote hubahatishi, ndiyo maana nimekuja. Niambie taa hizi zimekufa kwa nini. Kama balbu zimeungua, au kutu, au kitu chochote ambacho dereva anayekagua gari lake angekiona, huyu leo ananiachia funguo. Jioni nitakuja kusikia."

Akaondoka. Na ujue kwamba Masumbwe hii dereva aliyemkanyaga mtu kwa uzembe hapewi tena funguo, hata za bajaji. Mke wa Stanslaus alikuwa na mimba ya miezi minane. Basi ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile: maisha ya yule kijana yalikuwa mkononi mwa mume wangu, na mume wangu alikuwa hajanywa hata chai.

Alianza kama anavyoanza siku zote, polepole mpaka unataka kumsukuma. Akamwambia Stanslaus awashe swichi bila kuwasha injini, aingize rivasi. Mimi nikasimama nyuma. Zinawaka? Haziwaki. Akafungua vioo vya taa, akatoa balbu zote mbili, akazijaribu moja kwa moja kwenye betri. Zikawaka, nzuri kabisa. Nikamwona Stanslaus anapumua. Baba Noela akasema, kwa lile sauti lake la mtu aliyeamka vibaya, kwamba hata hivyo alijua, taa mbili haziungui siku moja isipokuwa zimegongwa.

Akaenda kwenye fyuzi. Akaichomoa, akaielekeza juani, akatazama kale kawaya ndani yake. Kazima, hakajakatika. Akasugua sehemu ile nyuma ambapo waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, unashika bodi, kulikuwa na kutu kidogo, na Stanslaus alipoiona ile kutu uso ukamshuka. Baba Noela akaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga, tukajaribu. Haziwaki. Kutu haikuwa na kosa. Kijana akapumua tena. Ilikuwa inachosha kumtazama, nikamwambia aje akae kwangu anywe chai, akaja, akaushika ule mkebe mpaka chai ikapoa.

Kisha ikaja kazi ya waya. Waya wa rivasi unatoka kwenye giaboksi, unafuata chesisi mpaka nyuma. Baba Noela akaufuata wote kwa vidole, akiwa amelala kwenye boksi lililopasuliwa, inchi kwa inchi, akitafuta panya walipotafuna au tope lilipouozesha. Jua likapanda. Nyayo zikasogea kutoka nyuma ya gari zikaja katikati. Akatoka, akachomeka testa kwenye soketi ya taa, hakuna umeme unaofika. Akaingia tena, akaufuata waya mara ya pili. Mzima. Mara ya tatu. Nikajua amechoka, maana mtu asiyechoka harudii alichokwisha kukipima.

Kilichobaki ni kimoja. Hata mimi muuza vitumbua nilikijua. Balbu nzima, fyuzi nzima, ethi safi, waya mzima. Imebaki swichi yenyewe kwenye giaboksi, ile inayobonyezwa gia ya rivasi ikiingia. Lakini huko ndiko alikokuwa na mikono yake wiki mbili zilizopita, na alipafunga mwenyewe, kwa hiyo alipaacha. Nyani haoni kundule. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa utani, nikiwa nageuza kitumbua. Nyayo zikatulia.

Alipotoka akaja kuketi kwangu, mafuta mpaka kwenye kope. Ndipo Stanslaus akafungua mdomo. Nilishakuambia mtu huyu anajibu kesho. Alitoa taarifa ambayo angepaswa kuitoa tangu asubuhi, na aliitoa akiwa ameinama, kama anaomba radhi.

"Mzee, taa hizi zinawaka zikitaka. Nilipokwama kwenye tope wiki iliyopita, watu waliokuwa nyuma yangu walisema zinawaka, na mimi nilikuwa naenda mbele. Na kuna kataa kadogo kwenye dashibodi. Nikiingiza rivasi, kanawaka."

Alikuwa amemweleza pia Mama Salome habari hiyo, na Mama Salome akaona ni maneno ya mtu anayetapatapa. Mimi nilidhani vilevile. Taa gani ya rivasi inawaka gari likienda mbele? Lakini nikamwona Baba Noela ameweka mkebe chini. Alinyanyuka, magoti yakalia, akamwambia kijana aingie garini, aiache rivasi, avute ile gia fupi ya pembeni, gia ya fowili, ile inayofanya tairi zote nne zivute wakati wa tope. Nikasimama nyuma.

Zikawaka. Zote mbili, nyeupe, mchana kweupe.

Nikasema zinawaka. Stanslaus akaruka chini aje aone, akazitazama, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga, akasema nilisema mimi, nilisema. Hakujua maana yake, kwake ilitosha kwamba hakuwa mwongo. Baba Noela akamwambia vizuri tu kwamba tatizo limeonekana, aende akapumzike, arudi jioni. Nikamwekea uji kwenye chupa ampelekee Mbuke kituoni. Alipoondoka, mume wangu akachukua tochi akanipa, bila kunitazama usoni. Tukaingia chini.

Juu ya giaboksi ile kuna soketi mbili, pacha kabisa, moja ya swichi ya rivasi na moja ya swichi ya fowili. Ukizibadilisha zinaingia bila kubishana. Ya rivasi ukiichomeka kwenye fowili, basi taa za nyuma zitangoja tope ndipo ziwake, na ukirudi nyuma kitakachowaka ni kale kataa ka fowili kwenye dashibodi. Nyaya zetu zilikuwa bado zimefungwa nyuzi zangu, kwa sababu sikuwahi kuzitoa. Nyuzi zote mbili zilikuwa nyeusi kwa mafuta na tope. Nikachukua pindo la kanga, nikaufuta wa kulia. Ukatoka mweupe. Nikafuta wa kushoto. Ukatoka mwekundu, ule wa rivasi, mahali ambapo haukupaswa kuwa.

Nikajua kosa ni langu, na nitakuambia kwa nini. Siku ile ya klachi, mvua ilikuwa inanyesha, nina maharage jikoni yanaungua, wateja wananiita, kiuno kinaniuma. Nyuzi zilikuwa zimechafuka. Yeye alikuwa chini na soketi zote mbili mkononi, akaniuliza, nyekundu ni ipi? Nikamulika tochi mara moja. Sikufuta. Nikasema ya kulia. Nikatoka nikayawahi maharage.

Kwa hiyo tulikuwa tumelala pale, mimi na yeye, tukitazama kitu kimoja. Alikuwa anajua, nami nikajua anajua. Na unajua mimi nilisema nini? Sikusema nisamehe. Nilisema:

"Baba Noela, zibadilishe, ufunge. Sema swichi ilikuwa mbovu umeweka nyingine. Kijana atapona, na sisi tutapona."

Na ilikuwa kweli. Kwa uongo huo mdogo Stanslaus angebaki na kazi yake, Mama Salome angeridhika, na jina la fundi Ngassa lingebaki lilivyokuwa. Nani angeumia? Mbuke mguu wake ulikuwa umeshavunjika, uongo usingeuvunja tena. Niliyapanga hayo yote haraka, nikayaona yana akili. Sikuwa na aibu. Nilikuwa nimechoka tu, na mtu aliyechoka huona uongo kama kiti. Yeye alizichomoa soketi, akaniomba nimmulikie, akazirudisha mahali pake, akavuta kila moja kuona kama imeshika. Kisha akaendelea kulala pale. Mimi nikatoka. Nyayo zikabaki zimetulia mpaka karibu saa kumi.

Mama Salome alikuja akiwa na shajara yake kwapani na Stanslaus nyuma yake. Tukajaribu taa mbele yake. Rivasi, zikawaka. Akauliza ilikuwa nini. Baba Noela alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na mimi nikamkazia macho kwa nguvu zote za ndoa yetu. Hakunitazama.

"Ni mimi," akasema. "Nilipofunga klachi nilichanganya soketi mbili. Macho yangu yana hitilafu tangu machimboni, chini ya gari rangi siioni. Dereva wako hana kosa. Asingeweza kuliona."

Nilitamani ardhi ipasuke. Unaelewa alichofanya? Angeweza kusema alikosea, ikaishia hapo, fundi gani hajakosea? Lakini Mama Salome angeuliza, kwa nini wewe, Mzee Ngassa, uchanganye soketi mbili, na hapo ingebidi ajibu, na jibu la kweli lilikuwa limesimama kwenye meza ya vitumbua na mwiko mkononi. Kwa hiyo akalizima swali kabla halijaulizwa. Akatoa siri yake ya miaka yote kunifunika mimi. Na mimi? Mimi nilikuwa na mdomo, nikaufunga. Nikageuza kitumbua ambacho kilikuwa kimeshaiva.

Mama Salome akamrudishia Stanslaus funguo pale pale, akamwambia mbele ya watu kwamba alimdhania vibaya, na hilo namheshimu mpaka leo. Stanslaus akamshika Baba Noela mkono kwa mikono yake miwili, akasema wabeja, asante, kwa Kisukuma chake kibovu cha mtu wa ziwani. Kisha Mama Salome akamgeukia mume wangu akasema kwa upole kwamba gari hilo litatengenezwa kwa fundi mwingine, naye asione vibaya. Nilikuambia haki yake haina mchuzi. Baba Noela akasema haoni vibaya.

Nyumbani sikuweza kula. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Sikuuliza kwa unyenyekevu, niliuliza kwa hasira, kwa sababu mtu akikubebea mzigo wako bila kuuliza anakuacha umesimama mikono mitupu na huna pa kuiweka. Alikuwa ananawa miguu kwenye beseni. Akasema tu:

"Fundi ni nani?"

Basi. Akaendelea kusugua visigino.

Habari za macho zilifika stendi kabla ya jua kuzama. Wiki ile yalikuja magari mawili. Wiki iliyofuata moja, na lilikuja kuuliza njia. Sasa wamebaki wazee wenzake wenye magari ya zamani, ambao wanamwamini kwa vidole. Na siku hizi rangi za nyuzi ameziacha. Anaufunga uzi mafundo: moja ni waya wa kwanza, mawili ni waya wa pili, na wakati wa kurudisha anayasoma mwenyewe kwa ncha ya kidole, gizani, bila tochi. Tungefanya hivyo tangu mwaka wa kwanza, mimi na akili yangu ya nyuzi. Haniiti tena chini ya gari. Ungedhani nitafurahi, kiuno changu kimepumzika. Sikufurahi.

Mimi ndiye niliyekwenda mashineni. Hakunituma, asije mtu akasema alinituma. Mbuke ni mjane, mahali pake pale mlangoni ndipo anapokula yeye na mama yake mzee, na mahali pa mashineni pasipokaliwa wiki moja panachukuliwa na mwingine. Nikachukua ungo wangu, nikaenda nikakaa mahali pake, nikawaambia wenzake kwamba ninachopeta hapa ni cha Mbuke mpaka arudi. Wakanisifu. Mke wa fundi ana utu, mume kakosea yeye anafidia. Yale masifa nilikuwa nayameza kama shubiri, na kila siku nikasema kesho nitawaambia. Chai na vitumbua nauza asubuhi mpaka saa tatu, kisha napeta mpaka jioni. Pumba zinaingia kooni, usiku nakohoa, na Baba Noela ananigeuza mgongo anisugue kwa mafuta ya taa kidogo na chumvi, haniulizi kitu. Ndivyo tulivyoishi wiki saba.

Jumanne iliyopita Mbuke alikuja. Hogo limetolewa, anatembea na fimbo, mguu umekonda kama wa mtu mwingine. Wanawake wakampokea kwa salamu za Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka mayu, wakamwonyesha mimi: huyu ndiye alikulindia. Mbuke akanishika mkono, akaanza kunishukuru. Akaniambia nimwambie Mzee Ngassa asijisumbue moyo, macho ni kazi ya Mungu.

Hapo ndipo sikuweza tena. Nikasema si macho. Mashine ilikuwa inanguruma, akanionyesha sikio kwamba hasikii. Nikasema tena kwa sauti. Akaweka mkono nyuma ya sikio. Ikabidi nipige kelele, na nilipopiga kelele banda zima likasikia, hata yule mwanamume anayemimina mpunga kwenye mashine.

"Si macho yake! Ni mimi nilimwambia ya kulia, na sikuufuta uzi!"

Nilimweleza yote, maharage na mvua na kanga, na vile nilivyotaka tudanganye, nikipiga kelele mwanzo hadi mwisho kama mnadi wa mitumba. Wanawake wakaacha kupeta. Ungo zikatulia mapajani. Mbuke aliniangalia kwa muda mrefu sana, kisha akatazama mguu wake, kisha ungo wangu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

"Basi sogea," akasema. "Hapo ni mahali pangu."

Nikasogea. Hakuniambia niondoke. Alijishusha polepole, fimbo ikateleza, nikaiokota, akakaa, akanyoosha ule mguu mzima kisha akaunyoosha ule mwingine kwa kuusukuma kwa mkono. Akachukua ungo wangu kutoka mapajani mwangu akaanza kupeta. Nami nikakaa kando yake mikono mitupu, nikiokota chenga na vijiwe kutoka kwenye mchele wake.

Haikupita muda, weupe ukamwagika sakafuni. Ilikuwa pikapu ya Mama Salome, Stanslaus anarudi nyuma, kichwa nje ya dirisha, polepole kama kawaida yake. Wanawake wote wakavuta miguu. Mbuke akavuta wake. Wa kulia ukaja, wa kushoto ukakawia, hauna nguvu bado. Nikauinamia, nikaushika kwa mikono miwili chini ya kifundo, nikamvutia.